Fundi Aliyekuja Kubadilisha Koili

Kwa miaka yote tangu nimuoe binti yake, mama mkwe wangu hakuwahi kunikosoa hata mara moja, na adabu hiyo nusura imtoe kazini. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani hii ni hadithi ya mashine. Mashine imo, na nitaieleza, maana ndiyo kazi yangu na siwezi kuinyamazia. Lakini ninayetaka kumweleza ni mama.

Wazee wa pale anapofanya kazi humwita Mama Mashuka. Ni nyumba ya kutunzia wazee yenye vyumba ishirini na vinne na ukumbi mmoja wenye televisheni isiyosikilizwa na mtu. Chumba cha kufulia kiko mwisho wa korido, nyuma ya jiko: mashine mbili za kufua, kikaushio kimoja kikubwa cha umeme, meza ndefu ya kukunjia, na dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Humo ndimo mama amefanya kazi miaka ishirini na miwili. Aliingia akiwa mfagizi, mwaka ambao mume wake, fundi wa plasta, alianguka kutoka juu ya jukwaa akavunjika nyonga. Aliyekuwa akifua aliacha kazi ghafla, wakamwambia mama ashike kwa wiki moja tu wakati wanatafuta mtu. Wiki hiyo haijaisha.

Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu, wa mwisho akiwa mke wangu, na amemuuguza mumewe mpaka alipofariki miaka sita iliyopita. Ni mfupi, ana mikono mipana, na hunusa kila shuka kabla ya kulikunja. Ana mazoea ambayo hayamo kwenye mkataba wowote. Hufika saa kumi na mbili asubuhi, kabla wahudumu hawajapeana zamu, na mzigo wake wa kwanza ni mashuka ya wale waliojikojolea usiku. Wenzao wakiamka kwenda kunywa chai, vitanda vyote vimetandikwa sawasawa na hakuna wa kumcheka mwenziwe. Hajawahi kutaja jina la mtu. Niliwahi kumuuliza mke wangu, kwa utani tu, ni mzee gani anayeongoza. Akanijibu kwamba hata yeye hajui, na kwamba mama akiulizwa na askari atasema mvua iliingia dirishani. Aibu ya mtu, kwa mama, ni kitu cha kufuliwa mapema, watu wakiwa wamelala.

Na mashuka yakitoka kwenye kikaushio yakiwa na moto, hayaendi kabatini moja kwa moja. Huyapitisha kwanza ukumbini kwa wale wenye viungo vinavyouma, akawafunika magoti kwa dakika kumi, ndipo anarudi kuyakunja. Kuna mmoja ambaye hata hangoji kuletewa. Huyu ni Bibi wa Sweta, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi fulani enzi za mashine za wino, naye huvaa sweta la kijani kiangazi na masika. Ana kigoda chake kando ya kikaushio, anaegemeza mgongo kwenye bati lake la moto, anafumba macho kama paka.

Mimi ni fundi wa umeme. Nyumba ile ni miongoni mwa wateja wangu, na sikuipata kwa mgongo wa mama. Niliipata kwa sababu fundi aliyenitangulia alikuwa akiitwa Jumatatu anakuja Jumatano. Mimi huja siku hiyo hiyo. Mke wangu anasema ubaya wangu ni kwamba hufika na jibu, halafu ndipo natafuta swali. Nami humjibu kwamba mtu ambaye miaka yote hii ameshindwa kukariri swichi mbili za mlangoni kwake asiwafundishe mafundi kazi. Na ni kweli. Kila tukiingia nyumbani jioni, mkono wake huenda kwanza kwenye swichi ya barazani. Nje kunawaka, ndani giza, anasonya, ndipo anabonyeza ya pili. Nimemtania kwa hilo mpaka watoto wetu sasa hunitangulia kucheka.

Masika yalipoanza, kikaushio kilizunguka kama kawaida lakini mashuka yakatoka mabichi na baridi. Nikaitwa. Nikachomoa plagi, nikaivuta mashine mbele nipate kufungua mgongo wake, nikapima koili kwa mita. Mita kimya. Koili ndiyo inayotoa joto, na hii ilikuwa imekatika kwa uzee, jambo la kawaida kama balbu kuungua. Nikaweka mpya, nikawasha, nikaweka kiganja mlangoni: moto. Nikaisukuma mashine nyuma mpaka ikagoma, ikabaki nafasi ya vidole viwili tu kati yake na ukuta, nikaipigapiga juu.

"Sasa imekaa vizuri," nikasema.

"Ahsante, baba," mama akasema. Akaitazama kidogo, akarudi kwenye meza yake.

Baada ya wiki mbili ikapoa tena. Safari hii koili ilikuwa nzima. Kilichokatika ni fyuzi ya joto, kipande kidogo kama kifungo cha koti, ambacho kazi yake ni kujitoa mhanga joto likizidi ili nyumba isiungue. Nikabadilisha, nikajaribu, moto ukaja, nikaisukuma ukutani. "Sasa imekaa vizuri." "Ahsante, baba." Siku kumi baadaye fyuzi ikakatika tena, nami nikabadilisha tena, nikajaribu tena, nikasukuma tena, nikasema maneno yale yale. Mtu akinisikia angedhani nasoma dua.

Msimamizi wa nyumba ile ni mwanamke mnyoofu, si mkali, lakini hapendi kitu kirudi mara ya tatu. Aliniita ofisini akafungua daftari la matengenezo. Akataka kujua kwa nini.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nikamweleza vizuri kabisa, kama mwalimu. Fyuzi ya joto haikatiki bure. Hukatika joto likizidi, na joto huzidi hewa isipopita. Hewa huzuiwa na vitu vitatu: chujio la nyuzinyuzi likiziba, bomba la kutolea hewa nje likiziba, au nguo zikishindiliwa mpaka hazina pa kupumulia. Chujio nililiona ni safi; mama hulisafisha kila baada ya mzigo mmoja. Bomba, lile la bati jepesi linalokunjika, lilikuwa limenyooka kutoka mgongoni mwa mashine mpaka tundu la ukutani. Basi likabaki la tatu. Nikachukua kalamu nikaandika: "Chanzo: nguo kujazwa kupita kiasi."

Sikuandika jina la mtu. Nilijiona nimetumia busara. Lakini chumba kile kina mfuaji mmoja.

Kesho yake Msimamizi alimwita mama, akamwonyesha mstari ule, akamwomba atie saini kwamba ameusoma. Mama akausoma, akaujua mwandiko, akatia saini. Ndipo Msimamizi akamwambia kwa upole kwamba kuna kampuni ya udobi inayoweza kuchukua mashuka yote na kuyarudisha yamekunjwa, na kwamba mtu akifika miaka hamsini na tisa hana ubaya kupumzika. Kikaushio kikiharibika tena, atasaini mkataba na kampuni ile. Mtu wa miaka hamsini na tisa akiambiwa apumzike anaelewa maana yake. Mama alirudi chumba cha kufulia akawasha mashine.

Habari hizi sikuzipata kwa mama. Nilizipata jikoni kwangu.

"Umemwandika mama," mke wangu akasema. Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho.

"Nimeandika mashine."

"Mashine inajijaza yenyewe?"

"Mimi nimesema la kitaalamu. Kama angekuwa mtu baki ningeandika hivyo hivyo."

"Kama angekuwa mtu baki ungemuuliza."

Nikasema nina kazi gereji. Hatuna gereji. Nilikwenda kukaa nje kwenye ngazi, nikiwa nimeudhika na kila mtu isipokuwa mwenye kosa, ambaye ndiye aliyekuwa amekaa pale kwenye ngazi.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ikaja. Kikaushio kilikuwa baridi, na Msimamizi alikuwa ameshaweka miadi na watu wa kampuni: Ijumaa saa nne wanakuja na karatasi zao.

Nilipofika, korido ilikuwa imefungwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha, mashuka yananing'inia, wazee wanapita wameinama. Kwa mvua ya siku tatu, nguo hazikauki kwenye kamba. Nilipita chini ya mashuka yale na moja likanigusa usoni, baridi kama samaki, nikaona haya kwelikweli. Mama alikuwa anakunja taulo. Bibi wa Sweta alikuwa kwenye kigoda chake, ameuegemea ubavu wa kikaushio kilichopoa kana kwamba anakiuguza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na mvua."

Ndivyo alivyosema, pole na mvua. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nina majibu matatu mfukoni, nikapewa pole. Hakuna kitu kinachomvua mtu nguo kama hicho.

Nikamwomba bibi asogee, nikachomoa plagi, nikaivuta mashine mbele, nikafungua. Fyuzi imekatika. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa, na huku ilikuwa mara ya tatu kwa fyuzi peke yake. Nikaketi sakafuni. Nikatoa chujio: safi. Nikapima koili: nzima. Nikapima swichi ya joto: nzima. Nikaliangalia bomba: limenyooka. Lina mikunjo, lakini bomba la aina ile ni mikunjo tupu. Nikaweka fyuzi ya mwisho iliyokuwa mkobani, nikawasha, na baada ya dakika mbili moto ukaja mwanana. Mashine ambayo mbele yangu haiumwi, nikiondoka inazimia. Nilianza kuichukia kama mtu.

Nikaizima, nikainuka, nikaweka mabega nianze kusukuma.

"Ngoja kwanza unipe fimbo yangu," Bibi wa Sweta akasema.

Nikachungulia. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma ya mashine.

"Bibi, umeitupa huku kufanya nini?"

"Sikuitupa. Ndiko inakokaa. Tangu nije nyumba hii fimbo yangu inakaa nyuma ya hicho kidude, isianguke watu wakajikwaa. Siku hizi haiingii. Leo ulipoivuta nimeona nafasi imerudi, nikaiweka."

Nikaichukua fimbo. Ilikuwa na mpini mnene wa mpingo, si kitu cha kuingia kwenye nafasi ya vidole viwili. Nikataka kucheka, nikaacha, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshuka sakafuni. Kwenye vigae palikuwa na alama nne za duara, zimefifia rangi, zimezama kidogo kama alama za miguu ya kitanda cha siku nyingi. Miguu ya mashine. Nikaweka kiganja kati ya alama za nyuma na ukuta, nikaongeza kingine, na bado pakabaki kipande. Miaka yote mashine ile ilikaa viganja viwili na zaidi kutoka ukutani, mpaka sakafu ikaijua.

Nikashika bomba la hewa mkononi. Nikaisukuma mashine polepole mpaka pale nilipokuwa nikiiweka mimi, huku nachungulia kwa pembeni. Bomba likajikunja, likabonyea, likalala bapa kama mrija wa soda uliotafunwa. Nikaivuta mbele; bomba likanyooka, safi, halina hatia. Kila nilipokuja kutafuta ugonjwa nilianza kwa kuuondoa, na kila nilipomaliza niliurudisha kwa mikono yangu.

Nasikia mvua, nasikia bibi anakohoa. Halafu nikauliza.

"Mama, hii mashine ilikuwa inakaa kwenye hizi alama?"

"Ilikuwa inakaa hapo," mama akasema.

"Nani aliisogeza?"

"Fundi."

"Fundi yupi?"

Akachukua taulo jingine, akalikung'uta, akalikunja mara mbili.

"Yule aliyekuja kubadilisha koili."

"Mama, aliyekuja kubadilisha koili ni mimi."

"Basi kama ni wewe," akasema, "utakuwa unamfahamu."

Bibi wa Sweta alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilitaka vigae vile vinimeze. Mama hakucheka; aliendelea na taulo zake, lakini nikaona uso wake umechangamka, kama mtu aliyevuka mto na sasa anatazama kama viatu vimelowa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba? Wewe ndiye fundi. Uliisukuma ukasema sasa imekaa vizuri. Mimi nikasema labda koili mpya zinataka hivyo. Ya pili ukasema imekaa vizuri. Nikaona hapana, huyu anajua anachofanya."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilishafikiri. Lakini Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Nikukosoe mbele ya watu, wewe mume wa mwanangu, kwenye kazi yako? Nami nimesoma darasa la saba." Akaweka taulo juu ya rundo, akalisawazisha kwa kiganja. "Nilijaribu kuivuta mwenyewe jioni moja. Haikusogea."

"Na lile nililoliandika kwenye daftari?"

"Nililiona."

"Mama, ulitia saini."

"Niliambiwa nitie saini kwamba nimesoma. Nimesoma kweli."

Wakati huo, kwa mara ya kwanza, nilimuuliza swali ambalo fundi yeyote angepaswa kuanza nalo: anapakia nguo vipi. Akaniambia hupakia mashuka saba, halafu hupitisha mkono wake juu ya nguo mpaka ukuta wa ndani wa mashine. Mkono ukipita bila kusugua, anafunga mlango, usipopita, anatoa shuka moja. Miaka ishirini na miwili kila mzigo umepimwa kwa mkono ule. Laiti ningeuliza siku ya kwanza, nisingeandika ule mstari. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, halafu sisi wenyewe tunapita na mikoba yetu.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Yameisha."

"Hayajaisha. Kuna daftari."

"Liache. Utaharibu jina lako kwa ajili ya mashuka." Safari hii alinitazama. "Una watoto. Mimi hata nikikaa nyumbani nitakula."

Nakiri kwamba niliisikia ile njia aliyonifungulia. Ningeweza kuiacha mashine kwenye alama zake, niseme nimepata fyuzi imara zaidi, mzigo ukauke, kila mtu anyamaze, na hata yeye asingenigusia mpaka tuzikane. Angenifulia mapema watu wakiwa wamelala. Lakini kampuni ilikuwa inakuja kesho saa nne, na mstari wangu ndio uliokuwa umewaita. Nikaenda ofisini na bati la bomba mkononi.

Msimamizi alinisikiliza bila kunikatiza. Nikamwomba aje aone kwa macho yake, akaja, na koti la mvua juu. Nilimpeleka nje, kwenye tundu la ukutani lenye kifuniko kidogo kinachoinuka hewa ikitoka. Mama alikuwa amepakia mashuka saba kwa kipimo chake na bomba nimelirudisha. Mashine ikiwa kwenye alama zake, kifuniko kilisimama wima na Msimamizi akaweka kiganja, akakiacha hapo, maana nje kulikuwa na baridi. Nikaingia ndani nikaisukuma pale pangu. Nilipotoka, kifuniko kilikuwa kinapapatika kama kope za mtu anayesinzia.

"Mara tatu?" akauliza.

"Mara tatu. Kila mara nilijaribu ikiwa mbele, halafu nikaisukuma."

"Na hukumuuliza yeye."

"Sikumuuliza."

"Naye hakukuambia."

"Ni mkwe wangu."

Akafuta maji usoni. "Mna adabu sana nyinyi. Adabu yenu imelaza wazee wangu kwenye mashuka mabichi mara tatu."

Tulirudi ofisini. Nikafungua daftari mwenyewe, na chini ya mstari wangu wa zamani nikaandika: "Chanzo: fundi alibana bomba la hewa kwa kusukuma mashine ukutani, mara tatu. Mfuaji hana kosa. Amekuwa akipakia kwa kipimo sahihi." Msimamizi akausoma, akanyanyua simu, akawaambia watu wa kampuni wasije. Nilidhani sasa ananigeukia kunifukuza, na nisingemlaumu. Akafikiri, akigongagonga kalamu mezani.

"Wewe unakuja haraka, hilo sitaki kulipoteza," akasema. "Lakini kuanzia leo, kazi yako yoyote kwenye chumba kile haijaisha mpaka Mama Mashuka atie saini kwamba imeisha. Si kwamba amesoma. Kwamba imeisha. Na akiona kasoro aseme. Mwambie ni amri yangu, asije akaona haya."

Nikapeleka ujumbe. Mama aliusikiliza akiwa amesimama, mikono ndani ya aproni. Akasema kama ni amri ya ofisi, basi. Akaipitia mashine upande hadi upande, pole pole, akainama akatazama alama sakafuni. Nikaivuta kidogo kuirudisha mahali pake.

"Imekaa vizuri?" nikauliza.

Akainama tena, akatazama mguu mmoja baada ya mwingine. Bibi wa Sweta alikuwa ameshika fimbo yake akisubiri, hata yeye ameacha kukohoa.

"Mguu wa kushoto," mama akasema. "Haujafika kwenye alama."

Nikauvuta.

"Tena kidogo. Hapana, umepitiliza. Rudisha. Hapo."

Akachukua kalamu, akatia saini. Bibi akachomeka fimbo yake nyuma ya mashine, ikaingia bila kugusa, akakaa kwenye kigoda chake na kufumba macho. Mzigo wa kwanza ulipotoka, mama alibeba mashuka yale mikononi kwenda ukumbini, nami nikambebea nusu. Nilikuwa sijawahi kuona nyuso za wazee wanapofunikwa magoti. Kuna mmoja alinishika mkono akaniita jina la mtu nisiyemjua, nikaitika.

Tuliporudi tukaanza kukunja pamoja, yeye ncha zake mimi zangu. Tulikuwa tumefika kwenye shuka la tatu aliposema, bila kunitazama:

"Baba, kuna kitu kingine."

"Sema, mama."

"Kwangu. Zile swichi mbili za sebuleni, ulizotuwekea mwaka ule kabla hujaoa, ulipokuja kutuonyesha kwamba unajua kazi. Uliunganisha kinyume. Ya ndani inawasha nje, ya nje inawasha ndani."

Shuka likanikaa mikononi. Miaka kumi na mmoja ninaingia nyumba ile, na kila mara nakuta taa zimeshawashwa. Akilini nikamwona mke wangu mlangoni kwetu, mkono wake unakwenda kwenye swichi ya barazani kama alivyozoea kwao, anasonya, na mimi nyuma yake na kicheko changu.

"Hata mke wangu alijua?"

"Wote tulijua. Marehemu alitaka kukuita siku ile ile. Akasema, huyu kijana kakosea, arudi arekebishe. Nikamwambia nyamaza, mume wangu. Kijana ametoka jasho, amevaa shati lake zuri. Tukimwambia ataona haya, asirudi kuposa." Akavuta ncha zake, shuka likanyooka kati yetu. "Mimi nilikuwa nimeshakupenda. Tukazoea swichi."

Nilikunja shuka lile vibaya, akanyoosha mkono akalifungua, akanionyesha lilivyotakiwa kukunjwa, nami nikalikunja upya.

Jumapili nilikwenda kwake na mkoba, mke wangu na watoto nyuma yangu. Nilizima umeme, nikageuza nyaya zile mbili, kazi ya dakika tano. Nikamwita aje ajaribu. Alibonyeza ya ndani, ndani kukawaka. Akabonyeza ya nje, nje kukawaka. Akatikisa kichwa kukubali. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamlengalenga na kicheko kinamtoka kwa pamoja, na nilijua kwamba mpaka nife sitamtania tena kwa swichi.

Nikafunga mkoba. Halafu nikaufungua tena, nikavuta kiti, nikaketi.

"Mama," nikasema, "na nini kingine?"

Alinitazama kwa muda, akipima kama naweza kuubeba mzigo. Kisha akajifunga vizuri kanga yake, akatangulia.

"Tuanzie na mlango wa jikoni uliotutengenezea," akasema.